Mizani Mitatu: Pamba, Dhahabu na Mama Mjamzito

Machi 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alizindua soko la dhahabu mjini Geita. Mchimbaji mdogo huingia humo na kipande chake kilichofungwa kwenye karatasi, kipande hicho huwekwa juu ya mzani wa kielektroni unaosoma hadi sehemu ndogo ya gramu, na namba inayojitokeza huonekana kwa wote: muuzaji, mnunuzi na afisa wa serikali. Namba ile ikitiliwa shaka, kipande hupimwa upya. Sijapata kuona mahali pengine katika nchi hii ambapo namba ndogo kiasi kile hutazamwa na macho mengi kiasi kile.

Siku hiyohiyo niliyolitembelea soko hilo, nilipita katika zahanati moja ya vijijini ambayo sitaitaja, maana kasoro yake si yake peke yake. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito. Nilimsikia binti mmoja, ambaye nakisia hakuwa amefikisha miaka ishirini, akizungumza na muuguzi.

“Panda hapa, mama. Vua kandambili.”

“Ngapi, nesi?”

“Hamsini na mbili.”

“Ni nzuri?”

“Ni sawa, mama. Shuka, mwingine apande.”

Kadi ilikuwa wazi mezani. Hudhurio lililotangulia, miezi miwili kabla, lilikuwa limeandikwa pia hamsini na mbili. Mimba ilikuwa imevuka mwezi wa sita. Katika kipindi hicho mjamzito hutazamiwa kuongezeka karibu nusu kilo kila wiki, kwa hiyo kilo nne hivi zilipaswa kuwa zimeongezeka, na hazikuwapo. Hakuna aliyeiba. Hakuna pia aliyetazama namba mbili zilizokaa jirani kwenye mstari mmoja na kuuliza kulikoni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali la kihistoria zaidi kuliko la kitabibu: kwa nini katika ukanda huu wa Shinyanga na Geita, ambao historia yake yote ya kisiasa inaweza kuandikwa kwa kufuata mizani, mzani mmoja tu ndio haukupata watetezi?

Nianze na mzani wa pamba, kwa kuwa ndio mama wa siasa za Kanda ya Ziwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Usukuma alikuwa analima pamba kwa wingi, akiibeba hadi kituo cha ununuzi, na huko akikuta mzani ambao hakuweza kuusoma, unaosomwa na mtu mwenye faida katika kuusoma vibaya. Malalamiko dhidi ya wanunuzi yalikuwa ya muda mrefu. Kilichobadilika mwanzoni mwa miaka ya 1950 ni kwamba wakulima waliacha kulalamika tu, wakateua watu wao wenyewe, wenye kujua namba, wakae vituoni na kuusoma mzani kwa niaba yao. Andrew Maguire, aliyeandika kitabu kizima kuhusu siasa za Usukuma kuelekea uhuru, anaonyesha jinsi hatua hiyo ndogo ilivyozaa mambo makubwa. Kutoka kwa wasoma mizani tukapata vyama vya msingi, kutoka vyama vya msingi tukapata Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, mojawapo ya vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika wakati huo. Wanafunzi wangu hupenda kuanzia historia ya uhuru kwenye hotuba. Mimi huwaambia waanzie kwenye jiwe la mzani.

Mzani wa mtoto ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile nchini Nigeria miaka ya 1950, aligundua kuwa watoto hawafi ghafla kwa njaa. Hukaa miezi wakiwa hawaongezeki, na mama anayemwona mwanawe kila siku hawezi kuliona jambo hilo kwa macho. Akatengeneza kadi yenye mchoro wa ukuaji, akampa mama aitunze. Wazo lilikuwa la kimapinduzi kwa zama zile, kwa kuwa kumbukumbu za afya zilikuwa mali ya hospitali, na yeye akaziweka mikononi mwa mwanamke wa kijijini. Tanzania ililipokea wazo hilo katika muongo wa hamasa. Mwaka 1973 ilianzishwa kwa sheria Taasisi ya Chakula na Lishe, mwaka huohuo kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” ikarindima vijijini, na mwaka 1975 ikafuata “Chakula ni Uhai.” Huduma za mama na mtoto zikasambazwa hadi kwenye zahanati. Kadi yangu mwenyewe, ya miaka ya mwanzo ya themanini, mama yangu aliitunza ndani ya sanduku la bati pamoja na cheti chake cha ndoa. Mstari wangu unapanda vizuri miezi sita ya kwanza, kisha unalala kama mtu aliyechoka, kisha unapanda tena. Nilipomuuliza kuhusu pale ulipolala, alijibu bila kufikiri: “Hiyo ndiyo ile masika mimi nilikuwa naumwa.” Aliweza kuusoma.

Jaribio kubwa zaidi la kuufanya mzani huu kuwa chombo cha umma lilianza Iringa mwaka 1984, katika vijiji 168, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF na fedha za serikali ya Italia. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku ya afya. Watoto walining'inizwa kwenye mzani wa saa uliofungwa mtini, majina yakaandikwa, na matokeo yakapelekwa mbele ya serikali ya kijiji, si kwenye kabati la mganga. Kamati ikauliza: ni watoto wangapi wameshuka, ni wa nyumba zipi, na kwa sababu gani? Je, mama anafanya kazi shambani mchana kutwa na mtoto hali isipokuwa mara mbili kwa siku? Basi kianzishwe kituo cha kulelea watoto. Kati ya 1984 na 1988 utapiamlo mkali uliripotiwa kushuka kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Mtindo huo ukapelekwa katika mikoa mingine kwa jina la mpango wa uhai na maendeleo ya mtoto, Shinyanga ikiwamo. Kwa miaka michache, mzani wa mtoto ulikuwa na wasoma mizani wake, kama ule wa pamba.

Kisha fedha za wafadhili zikapungua, marekebisho ya uchumi yakaibana serikali, ada za matibabu zikaingia mwaka 1993. Ni kweli kwamba wajawazito na watoto wadogo walisamehewa ada hizo, lakini siku ya afya ya kijiji ilififia taratibu. Upimaji ulirudi zahanati, na matokeo yakarudi kwenye daftari. Kupima hakukukoma, na hadi leo tunapima kwa bidii kubwa. Kilichokoma ni mtu kuuliza.

Lakini nisiifanye miaka ya themanini kuwa enzi ya dhahabu. Iringa ileile, baada ya mafanikio yote hayo, imeonekana katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ikiwa na zaidi ya nusu ya watoto wake waliodumaa, ilhali wastani wa taifa ni asilimia 30. Huo ni mkoa unaolisha mikoa mingine mahindi. Maelezo ni mengi, ila mawili yanahusu hoja yangu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba mzani hupima uzito, haupimi urefu, na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na uzito unaolingana vizuri na kimo chake kifupi na asimshtue mtu. La pili ni kwamba kazi ya kupima ilianza mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa. Makadirio yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013 yalisema takribani moja ya tano ya udumavu wa watoto huanzia tumboni. Mzani wetu bora kabisa ulikuwa umechelewa kwa miezi tisa.

Hapa ndipo tunaporudi kwa binti wa kilo hamsini na mbili, na hapa pia historia inakuwa na mambo ya kushangaza. Sayansi yenyewe haikujua kwa muda mrefu ni kipi cha kumshauri. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari Mjerumani Ludwig Prochownick alipendekeza wajawazito wenye nyonga nyembamba walishwe kwa kiasi kidogo ili mtoto awe mdogo na azaliwe salama, kwani upasuaji wa siku zile ulikuwa ukiua. Kwa miongo mingi ya karne ya 20 madaktari wa Ulaya na Marekani waliendelea kuwazuia wajawazito wasinenepe, safari hii kwa hofu ya kifafa cha mimba. Ni mwaka 1970 tu ambapo kamati ya wanasayansi wa Marekani ilitamka wazi kuwa zuio hilo linadhuru, na mwongozo unaotumika sana leo ni wa mwaka 2009: mwanamke mwenye uzito wa kawaida aongezeke kilo 11.5 hadi 16, na aliyeanza akiwa mwembamba kilo 12.5 hadi 18. Katika kilo hizo mtoto ni tatu na ushei tu. Zilizobaki ni kondo la nyuma, maji ya uzazi, damu iliyoongezeka, mji wa mimba, na akiba ya mafuta ambayo mama ataitumia kunyonyesha.

Nayataja haya kwa sababu nimechoka kusikia semina zinazowalaumu wanawake wa vijijini kwa “imani potofu” pale wanapojinyima chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Bibi anayemwambia mjukuu wake ale kidogo hana imani potofu kuliko ile ya maprofesa wa Hamburg na Boston. Ana hofu ileile, inayotokana na hali ileile, kwamba uchungu ukikwama usiku, chumba cha upasuaji kiko kilomita nyingi na barabara ni tope. Ukitaka ale, mpe kwanza gari la wagonjwa.

Tatizo la pili ni la hesabu. Ili ujue mtu ameongezeka kiasi gani, sharti ujue alianza na kiasi gani. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa ni asilimia 24 tu ya wajawazito nchini walioanza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Wengine walifika tumbo likiwa limeshaonekana. Kwao kadi haina namba ya kwanza. Tunaweza kusema wana kilo ngapi, hatuwezi kusema wamepata ngapi. Ni sawa na kumpima mkulima pamba yake baada ya nusu ya gunia kumwagwa njiani.

Na kalenda ya Shinyanga haimsaidii. Pamba hupandwa mvua za Novemba na Desemba, na palizi huangukia Januari na Februari, miezi ambayo ghala la nyumbani linakaribia kuwa tupu. Fedha ya pamba huja katikati ya mwaka. Mwanamke ambaye miezi mitatu ya mwisho ya mimba yake inaangukia palizi hula kidogo kuliko wakati wowote na kuinama zaidi kuliko wakati wowote. Kinachobaki ni michembe, udaga, mlenda, na maziwa kama ng'ombe bado wana malisho. Vyakula hivi vina heshima yake, na michembe imeokoa vizazi, lakini havitoshi kujenga damu na misuli ya watu wawili. Nchini Gambia, watafiti waliokuwa katika hali inayofanana na hiyo waliwapa wajawazito biskuti za karanga kila siku, na mwaka 1997 wakaripoti kuwa katika msimu wa njaa watoto walizaliwa wakiwa wazito zaidi kwa gramu 201 kwa wastani, ilhali katika msimu wa mavuno ongezeko lilikuwa chini ya nusu ya hapo. Karanga tunalima. Huyu binti wa Geita hakuhitaji teknolojia ya kigeni.

Lazima niseme pia kuhusu umri wake. Utafiti huohuo wa 2015-16 ulikuta theluthi moja ya wasichana wa Shinyanga wenye miaka 15 hadi 19 wakiwa wameshazaa au ni wajawazito. Msichana wa miaka kumi na sita bado anakua. Yeye na mtoto wake wanagombea sahani moja. Kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, iliyoshinda Mahakama Kuu mwaka 2016 na kuthibitishwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, kwa kawaida hujadiliwa kama suala la haki. Ni suala la gramu za mtoto vilevile.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mgodi wa kikoloni wa Geita ulifanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ukafungwa, na kwa miongo kadhaa dhahabu ikabaki kwa wachimbaji wadogo. Mwaka 1996 wachimbaji hao waliondolewa Bulyanhulu, jambo ambalo bado ni kidonda. Mwaka 2000 ukafunguliwa mgodi mkubwa wa Geita, mwaka uliofuata Bulyanhulu ikaanza kuzalisha, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wengi walitegemea kuwa pale penye fedha watoto watanenepa. Hawakunenepa. Katika tafiti za kitaifa zilizofuatana Geita imeendelea kuwa juu ya wastani wa nchi kwa udumavu, zaidi ya theluthi moja ya watoto wake. Shinyanga, iliyo kame zaidi, imefanya vizuri kuliko Geita.

Nadhani maelezo mojawapo ni namna maisha ya machimboni yanavyopangwa. Mwanamke aliyeacha shamba na kuhamia kwenye maduara hana ghala wala ng'ombe. Kila mlo ni wa kununua, na bei ya machimboni haina huruma. Anaponda mawe, anachekecha mchanga kwenye mialo, anapika kama mama lishe, mtoto akiwa mgongoni au akilelewa na mtoto mwenzake. Siku yenye fedha kuna nyama na soda, siku isiyo na fedha kuna chai.

Halafu kuna kile ambacho mzani hauoni kabisa. Mtafiti Elias Nyanza na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Bugando cha Mwanza wakishirikiana na Calgary cha Kanada, walichapisha mwaka 2014 uchunguzi wa wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo wa Geita. Karibu nusu yao, 155, walikuwa wakila udongo, ule unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Kila mjamzito wa nchi hii anaujua ule ulaji, na aghalabu tunauchekea. Lakini katika ukanda ambao miamba yenye dhahabu ina aseniki kwa asili, udongo si udongo tu. Kikundi hichohicho baadaye kilifuatilia mimba za wanawake karibu elfu moja katika maeneo ya machimbo ya kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2020 kikaripoti kuwa kadiri zebaki ilivyokuwa nyingi mwilini mwa mama, ndivyo hatari ya kuzaa mtoto mfu au mwenye uzito pungufu ilivyokuwa kubwa. Zebaki ndiyo inayokamatisha dhahabu kwenye mchanga. Huchomwa juu ya makaa ili iondoke kwa mvuke na kuiacha dhahabu, mara nyingine uani, mara nyingine kwenye jiko lilelile la chakula. Kipande kinachofika kwenye mzani wa soko, kikiwa safi na kinang'aa, kimetoka humo.

Watumishi wa halmashauri wanaosoma makala hizi wataniambia kuwa serikali haijalala. Nakubali. Tangu Desemba 2017 wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani. Ni hatua ya kweli, kwani kabla ya hapo lishe iliishi kwa hisani ya wafadhili. Lakini hebu tuipime. Gramu moja ya dhahabu huuzwa kwa zaidi ya shilingi laki moja. Gramu moja, basi, ni mgawo wa mwaka mzima wa lishe kwa zaidi ya watoto mia moja. Na mgawo huo humhesabu mtoto aliyekwisha kuzaliwa, haumtaji mjamzito. Wakati huohuo migodi mikubwa hulipa halmashauri ushuru wa huduma unaokokotolewa kutokana na mauzo, na Sheria ya Madini kama ilivyorekebishwa 2017 inailazimu kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya miradi ya jamii. Nimesoma mipango kadhaa ya namna hiyo. Nimekuta madarasa, taa za barabarani, mizunguko ya barabara, na majengo ya zahanati. Muuguzi wa pili wa kukaa ndani ya zahanati, ambaye angekuwa na dakika tano za kulinganisha namba mbili kwenye kadi, sikumkuta.

Wanaharakati wananiuliza wadai nini. Jibu langu si kubwa. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mtendaji husoma mapato na matumizi, na wananchi wana haki ya kuhoji. Asome na ya mizani: wajawazito wangapi wameanza kliniki kabla ya mwezi wa nne, wangapi hawakuongezeka kati ya hudhurio moja na jingine, watoto wangapi wamezaliwa chini ya gramu 2,500. Bila majina, namba tu. Wasukuma wa mwaka 1952 hawakuwa na digrii za lishe wala za uhasibu, walichagua mtu anayejua kusoma namba wakamweka karibu na mzani.

Nilipokuwa natoka pale zahanati, yule binti alikuwa amekaa kwenye benchi la nje akisubiri vidonge vyake vya madini ya chuma. Alikuwa ameifungua kadi mapajani, kidole kikiwa kwenye mstari wa uzito. Aliniuliza, kwa kudhani mimi ni daktari, “Shikamoo, baba. Hii hamsini na mbili na hii nyingine, ni siku mbili tofauti?”

Nikamwambia ni siku mbili tofauti.